Ufa Usiozaa Bahari: Kuisoma Sura ya Zuhura

Katika eneo la miinuko la sayari Zuhura liitwalo Beta Regio kuna kasoko moja, Somerville, yenye kipenyo cha kilomita 37, ambayo ilichimbwa na jiwe kubwa lililoanguka kutoka angani zamani sana, kisha ardhi yenyewe ikaja kuipasua. Upande wake wa magharibi ungali unaonekana vizuri, ukingo umepinda kama ulivyopinda siku ya mgongano na vifusi vimetandaa nje yake, lakini nusu ya mashariki imeharibiwa na bonde la ufa ambalo upana wake unafikia kilomita 20. Sijui picha nyingine ya sayari hiyo inayosema mengi kwa alama chache kiasi hicho. Kasoko huzaliwa ikiwa duara, na kwa sababu tunalijua umbo lake la mwanzo, tunaweza kusema bila kubahatisha kwamba jiwe lilianguka kwanza, kwamba ardhi ilivutwa na kutanuka baadaye, na kwamba mvutano huo ulikuwa wa kilomita chache tu, wala si mamia.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike. Sisi wa Afrika Mashariki tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba bonde la ufa ni dalili ya bara linaloachana, na kwamba ukisubiri vya kutosha maji ya bahari yataingia, kama yalivyokwisha kuingia kwenye Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Zuhura ina mabonde ya ufa marefu kuliko letu, yenye volkeno kando yake na kuba kubwa za ardhi chini yake, ilhali hakuna hata moja lililofika hatua hiyo ya kuachana. Sayari inayokaribia kabisa Dunia kwa ukubwa, yenye kipenyo cha kilomita 12,100 hivi dhidi ya 12,750 za kwetu, imejijengea sura yake yote kwa njia nyingine, na naamini kwamba mtu aliyezoea kutazama kuta za Bonde la Ufa anastahili kuijua njia hiyo.

Kuiona sura hiyo kumekuwa kazi ngumu. Zuhura imefunikwa pande zote na mawingu ya asidi ya salfuriki yasiyopasuka hata siku moja, na chini ya mawingu hayo kuna hewa ya kaboni dioksidi yenye kanieneo inayozidi ya kwetu mara 90 na zaidi, na joto la nyuzi 465 hivi za Selsiasi, mchana na usiku. Vyombo vya Kisovieti vya Venera vilivyotua huko viliishi kwa dakika tu. Venera 13, ya mwaka 1982, ilidumu dakika 127 na kutuma picha za rangi za mawe bapa yaliyopasukapasuka, pamoja na vipimo vilivyoonyesha kwamba mawe hayo ni ya jamii ya basalti, yaani mwamba uleule wa lava unaotandaa chini ya sehemu kubwa ya bahari zetu. Ramani kamili ilipatikana kwa rada. Chombo cha Marekani kiitwacho Magellan kilifika kwenye mzingo wa Zuhura Agosti 1990, na hadi kilipozamishwa angani mwake Oktoba 1994 kilikuwa kimechora takribani asilimia 98 ya uso wake, kwa ubora wa kutosha kutofautisha vitu vyenye upana wa mita mia moja na kitu.

Msomaji anayezitazama picha za Magellan kwa mara ya kwanza anapaswa kujua kwamba weupe na weusi wake hautokani na mwanga wa jua. Rada hutuma mawimbi na kusikiliza yanayorudi, kwa hiyo mahali penye mawe yenye makwaruzo, kingo kali na miteremko inayoielekea rada hung'aa, na mahali palipolainika huonekana pa giza. Mtiririko wa lava uliokunjamana na kuvunjika juu yake hutokea mweupe. Uwanda wa lava iliyoganda kwa utulivu hutokea mweusi. Rangi ya chungwa tunayoizoea katika picha hizo iliongezwa baadaye kwa kufuata rangi zilizoonekana na vyombo vya Venera, na milima imerefushwa mara 10 au zaidi ili macho yaione. Maat Mons, ambao katika picha maarufu unachongoka mfano wa mkuki, kwa kweli ni mlima wenye kimo cha kilomita 8 hivi uliotandaa juu ya kitako chenye upana wa mamia ya kilomita, na mteremko wake ni mdogo kiasi kwamba mtu angeweza kutembea kutwa nzima bila kuhisi kwamba anapanda volkeno. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mlima uliorefushwa hivyo humfanya mtu afikirie milipuko ya majivu, ilhali umbo halisi linasimulia habari ya lava nyepesi iliyotiririka mbali, tena na tena.

Dunia yetu imegawanyika katika mabamba yanayosogea. Bamba la bahari huzaliwa kwenye safu za katikati ya bahari, husafiri, hupoa na kuwa zito, kisha huzama chini ya bamba jingine, na milima mingi, matetemeko mengi na volkeno nyingi za Dunia ziko kwenye mistari ya mipaka hiyo. Ukiichora ramani ya volkeno za Dunia utaona mikanda. Ukiichora ramani ya volkeno za Zuhura, huoni mikanda ya namna hiyo. Orodha iliyotolewa mwaka 2023 na Rebecca Hahn na Paul Byrne kutokana na picha za Magellan ina volkeno zipatazo 85,000, nyingi zikiwa vilima vidogo visivyozidi upana wa kilomita 5, zilizotawanyika karibu kila mahali. Ganda la Zuhura ni kipande kimoja kinachozunguka sayari nzima. Hali yake inafanana na utando wa maziwa yaliyochemka: kilicho chini kikisukuma, utando huvimba, hukunjamana na kuchanika hapa na pale, ila haukatiki vipande vikaenda zao. Sababu inayotajwa mara nyingi ni ukosefu wa maji. Kwetu maji yaliyomo ndani ya miamba huilegeza na kuiruhusu mipaka ya mabamba iteleze. Zuhura imekauka, na mwamba mkavu, hata ukiwa na moto, ni mgumu kuvunjika kwa mistari mirefu inayoendelea kufanya kazi kwa mamilioni ya miaka.

Ndiyo maana ninalirudia Bonde la Ufa. Beta Regio ni mwinuko mpana wenye upana unaozidi kilomita 2,000, ulioinuliwa na jiwe moto linalopanda polepole kutoka tabaka la ndani la sayari. Ganda lilipovimba lilipasuka, na mpasuko wake mkuu, Devana Chasma, unatoka Beta kuelekea kusini hadi kwenye mwinuko mwingine uitwao Phoebe Regio, ukiwa na kina cha kilomita kadhaa na kuta zilizokatwa ngazi kwa ngazi na mistari ya nyufa inayokwenda sambamba. Juu ya mpasuko huo umekaa mlima wa volkeno wa Theia Mons, ambao lava zake zimefunika sehemu ya bonde, na mahali hapo mikono ya ufa inakutana. Mwenzake wa kaskazini, Rhea Mons, alidhaniwa kwa miaka kuwa volkeno vilevile, hadi Magellan ilipoonyesha kwamba sehemu yake kubwa ni ardhi ya kale iliyosukumwa juu na kupasuliwa katikati. Wanajiolojia wameilinganisha Beta na Afrika Mashariki tangu ramani za kwanza za rada, na ulinganisho huo una msingi. Kwetu pia nyanda za juu za Kenya na Ethiopia zimeinuliwa kutoka chini, ufa umekata katikati ya mwinuko, volkeno kama Longonot na Menengai zimeota ndani ya bonde lenyewe, na nyingine kubwa, Kilimanjaro ikiwemo, zimejengeka pembeni.

Tofauti iko katika kinachofuata. Bamba la Somalia linaachana na sehemu nyingine ya Afrika kwa milimita chache kila mwaka, na linaweza kufanya hivyo kwa sababu lina mahali pa kwenda: upande wa pili kuna sakafu ya bahari, na mbele zaidi kuna mipaka mingine inayopokea mwendo huo. Ganda la Zuhura halina pa kwenda. Kila kilomita inayotanuliwa Beta lazima ifidiwe kwa kukunjamana mahali pengine, na kweli nyanda tambarare za Zuhura zimejaa mikunjo midogo, mirefu na myembamba, inayoonyesha kwamba ardhi ilibanwa. Somerville iliyokatwa nusu ndiyo kipimo cha hali hiyo: ufa umefunguka, lakini umefunguka kwa kiasi kilichoruhusiwa na majirani zake. Mwaka 2021 Byrne na wenzake walieleza kwamba baadhi ya nyanda za chini zimekatika vipande ambavyo vimesukumana na kuzunguka kidogo, mfano wa mabarafu ya baharini yaliyosongamana. Huo ni mwendo, na ni mwendo muhimu, lakini bado ni mwendo wa kusogeleana papo hapo, si safari ya bara.

Kuna umbo jingine ambalo Dunia haina mfano wake ulio wazi, nalo ni korona. Venera 15 na 16 ndizo zilizoligundua mwaka 1983: pete kubwa za nyufa na matuta, mara nyingi zenye upana wa mamia ya kilomita, zikizunguka uwanda ulioinuka au uliodidimia kidogo, na lava imemwagika ndani na nje yake. Zimehesabiwa mamia. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba donge la jiwe moto hupanda, hulisukuma ganda mpaka likavimba, kisha hutanda chini yake na kupoa, na mwinuko ukishuka huacha pete ya nyufa na mikunjo kuzunguka mahali ulipokuwa. Kubwa kuliko zote ni Artemis, ambayo upana wake unazidi kilomita 2,000 na imezungukwa na handaki linalokaribia kuwa duara kamili. Mwaka 1992 David Sandwell na Gerald Schubert walipendekeza kwamba katika kingo za korona kubwa kama hiyo ganda huenda linapinda na kuzama, jambo linalofanana na kinachotokea kwenye mahandaki ya bahari zetu ila katika eneo dogo lenye umbo la pete. Mimi naliona pendekezo hilo kuwa mojawapo ya mawazo mazuri zaidi katika jiolojia ya sayari, kwa sababu linaonyesha kwamba ganda la sayari linaweza kuanza kuzama bila kuwapo mabamba, na pengine Dunia yenyewe ilianza hivyo kabla ya mabamba yake kutengana. Mwaka 2020 Anna Gülcher na wenzake walilinganisha maumbo ya korona na mifano ya kompyuta, wakaona kwamba 37 kati ya zile kubwa walizozichunguza zina dalili za kuwa bado zinafanya kazi.

Kwamba volkeno za Zuhura ziko hai lilikuwa jambo la kudhani kwa muda mrefu. Dhana hiyo ilipata ushahidi wa moja kwa moja Machi 2023, pale Robert Herrick wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks na Scott Hensley walipotangaza walichokiona katika picha za zamani za Magellan. Kando ya Maat Mons kuna tundu la volkeno ambalo Februari 1991 lilionekana karibu duara, lenye eneo la kilomita za mraba 2.2 na kuta zenye mteremko mkali. Oktoba ya mwaka huohuo tundu hilo lilikuwa limefikia kilomita za mraba 4, umbo limeharibika, na ndani yake paliinuka karibu na ukingo, pengine kwa sababu ya ziwa la lava. Ugumu ulikuwa kwamba picha hizo mbili zilipigwa kutoka pembe tofauti, na mlima mmoja ukitazamwa na rada kutoka mashariki na kisha magharibi hufanana na milima miwili; ilibidi watengeneze mifano ya kompyuta ya tundu hilo ili kuondoa uwezekano kwamba walichokiona ni tofauti ya pembe tu. Mwaka uliofuata watafiti wa Italia, Davide Sulcanese, Giuseppe Mitri na Marco Mastrogiuseppe, waliongeza mitiririko mipya ya lava kwenye mlima wa Sif Mons na uwanda wa Niobe Planitia, iliyotokea kati ya mwaka 1990 na 1992. Data hizo zilikuwa zimelala ghalani kwa miaka thelathini. Hunipa moyo kufikiri kwamba ugunduzi mkubwa kiasi hicho ulihitaji subira na macho, bila kurusha chombo kipya.

Hewa nzito ya Zuhura nayo inachonga volkeno kwa namna yake. Chini ya kanieneo hiyo gesi zilizomo ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka kabla haujatoka ardhini, hazipati nafasi ya kupanuka na kuilipua, kwa hiyo lava nyingi hutoka kwa kumiminika. Katika ukingo wa mashariki wa eneo la miinuko liitwalo Alpha Regio ziko kuba saba zilizopangana, mviringo na bapa juu, zenye upana wa wastani wa kilomita 25 na kimo kisichozidi mita 750, zilizojengwa na lava iliyokuwa nzito na iliyotoka taratibu ikatanda sawasawa kila upande. Kwa lava nzito ya namna hiyo, Dunia hujenga kuba ndogo zilizojikunja, tena mara nyingi hulipuka.

Lililo kinyume kabisa cha kuba hizo ni mifereji. Mmoja, Baltis Vallis, una urefu wa kilomita 6,800 hivi, yaani unaushinda Mto Nile, na upana wake unabaki kati ya kilomita 1 na 3 kwa karibu safari yote. Leo sehemu za mfereji huo zinapanda na kushuka, jambo ambalo kimiminika hakiwezi kulifanya, na hilo linathibitisha kwamba uwanda wenyewe ulipindishwa baada ya mfereji kuchimbwa. Lakini kimiminika gani kinaweza kusafiri umbali huo bila kuganda? Lava ya basalti ya kawaida hutoka ikiwa na nyuzi 1,100 au 1,200, na ingekuwa imepoa mapema mno. Mwaka 1994 Jeffrey Kargel na wenzake walipendekeza lava ya kabonati, na hapo ndipo mlima wetu unapoingia katika habari hii kwa haki. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ndiyo volkeno pekee hai duniani inayotoa lava ya kabonati. Lava hiyo ina nyuzi 500 hadi 600 tu, ni nyeusi, hutiririka kwa wepesi unaokaribia ule wa maji, na baada ya kuganda hugeuka kuwa nyeupe ndani ya siku chache kwa sababu chumvi zake za sodiamu na potasiamu hukutana na unyevu wa hewa. Iweke lava ya aina hiyo juu ya uwanda wenye nyuzi 465, mahali pasipo na unyevu wowote, na itakuwa na sababu ndogo sana ya kuganda. Ingeweza kutiririka kama mto, ikichimba na kujenga kingo. Ziko nadharia nyingine, zikiwemo za lava yenye moto mkali kuliko kawaida na za salfa iliyoyeyuka, nazo hazijashindwa. Mimi naegemea upande wa kabonati, kwa kuwa inaeleza urefu na wembamba wa mfereji kwa pamoja.

Sehemu ya Zuhura iliyo kongwe kuliko zote huitwa tesera, nayo imechukua karibu asilimia 8 ya uso. Ni ardhi iliyokunjwa kuelekea upande mmoja, kisha ikapasuliwa kuelekea upande mwingine, pengine ikakunjwa tena, hata rada inaionyesha kama wavu mweupe wa matuta na nyufa zinazokatana. Nyanda za lava zimeizunguka na kuingia katika mabonde yake, nayo imebaki imeinuka kama visiwa. Kaskazini, katika Ishtar Terra, iko nyanda ya juu ya Lakshmi iliyozungukwa na safu za milima, na mashariki yake inasimama Maxwell Montes, yenye kimo cha kilomita 11 hivi juu ya wastani wa sayari, milima mirefu kuliko yote ya Zuhura na isiyo ya volkeno. Namna ganda lisilo na mabamba lilivyoweza kubanwa mpaka likainua milima hiyo, na namna milima hiyo inavyoendelea kusimama katika joto linalolegeza miamba, bado ni mjadala mkali.

Mjadala huo unahusiana na mwingine kuhusu umri. Zuhura ina kasoko zipatazo 900 hadi 1,000 tu, zimetawanyika bila mpangilio, na nyingi mno zinaonekana kana kwamba hazijaguswa. Somerville ni mojawapo ya chache zilizojeruhiwa. Kutokana na idadi hiyo umri wa wastani wa uso hukadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 300 na 700. Wako wanaosema kwamba sayari nzima ilifunikwa na lava katika kipindi kifupi, kisha ikatulia. Wako wanaosema kwamba lava imekuwa ikifunika kipande hiki leo na kingine kesho, kwa mwendo ule ule. Kwa maoni yangu ugunduzi wa mwaka 2023 na 2024 umeipa nguvu kauli ya pili, ingawa volkeno mbili au tatu zilizo hai hazitoshi kuamua historia ya sayari.

Juni 2021 vyombo vitatu vilichaguliwa kwenda kuyatazama haya upya: VERITAS na DAVINCI vya Marekani, na EnVision cha Ulaya. VERITAS na EnVision vitachora kwa rada iliyo bora zaidi na kupima, kwa mionzi ya joto inayopenya mawingu, aina za miamba. DAVINCI itateremsha chombo kupitia hewa yote hadi juu ya tesera za Alpha Regio, na kuzipiga picha kutoka chini ya mawingu. Hicho ndicho ninachokisubiri kwa hamu kuliko vyote. Itale (graniti) nyingi za mabara yetu zilipatikana kwa sababu maji yalishiriki katika kuyeyusha miamba. Ikiwa tesera zitaonekana kuwa na mwamba wa jamii ya itale, itabidi tukubali kwamba Zuhura iliwahi kuwa na maji mengi, na swali la iwapo iliwahi kuwa na mabamba yaliyosafiri, kabla ganda lake halijashikana, litafunguliwa upya. Zikionekana kuwa basalti kama nyanda zinazozizunguka, basi mikunjo yote ile na milima ya Maxwell ilitengenezwa na ganda kavu tangu mwanzo, na wataalamu wa milima watakuwa na mengi ya kueleza upya, hata kuhusu Dunia.